Tai Isizeekee Dukani

Tai nyingi zinazouzwa Muhumba, hapa kwetu Bukavu, huwa zimekwisha kuchoka kabla hazijafika shingoni kwa mtu. Zimetoka mbali, zimepekuliwa mpakani, zimening'inia kwenye kioo cha duka mwezi mzima, zimeshikwa na kila mpita njia, na jioni zimerudishwa ndani ya sashe laini ya plastiki na kufungwa kwa pini ya stepla. Kisha inafika Jumamosi. Bwana harusi anafungua sashe yake saa moja asubuhi, gari limekwisha kupambwa, na anakuta mstari uliopauka katikati ya bulu, au kitone cha kutu pale pini ilipogusa hariri. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kurudi kudai pesa yake. Atavaa hivyo hivyo au ataazima ya shemeji yake, na duka lile hatalikanyaga tena, yeye wala wasimamizi wake.

Nawaandikia wenye maduka, kina mama wanaouza nguo za harusi majumbani, na vijana wanaotembeza tai mkononi kutoka Muhumba hadi Nyawera. Ninalosisitiza ni moja: kifungashio cha tai kwanza kiilinde nguo, kumvutia mnunuzi kuje baadaye. Na kwa hewa yetu ya ziwani, kinachoilinda vizuri zaidi ni karatasi ngumu na kitambaa cha pamba. Plastiki ipewe kazi ndogo, tena iwe ya aina inayofaa.

Nasema hivi kwa sababu tai kwetu si nguo ya mchezo. Kongo ilikaa karibu miaka kumi na minane bila tai. Rais Mobutu alipoleta siasa yake ya uhalisi mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku, na wanaume wa ofisini wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Ruhusa ilirudi tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ile ile iliyotangaza mwisho wa chama kimoja. Katika miaka ya katikati, wapenda sape, yaani uvaaji wa kimaridadi, wa Kinshasa, Papa Wemba akiwa mbele yao, ndio waliokataa kuiacha suti iliyoshonwa vizuri. Tangu 1990 tai imekuwa vazi la siku kubwa: harusi, kutetea kazi ya mwisho chuoni, kutunukiwa shahada katika vyuo vikuu vyetu, UCB au UOB, ibada ya Jumapili, mahojiano ya kazi katika ofisi za mashirika zilizo Muhumba. Mtu wa Bukavu anainunua tai kwa ajili ya tarehe fulani, na mara nyingi kwa pesa iliyochangwa na ndugu. Tena tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, benki zikafungwa na fedha taslimu ikawa adimu, kila dola inayotolewa imefikiriwa mara mbili. Kumpa mtu huyo tai yenye doa ni kumdhulumu, hata kama hukukusudia.

Sasa tuiangalie nguo yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuifunga. Tai ya kawaida ina urefu wa sentimita 145 hadi 150, na upana wa sentimita 7 hadi 9 penye ncha kubwa. Kitambaa chake hukatwa mshazari, nyuzi zikilala kwa pembe ya digrii 45. Ndiyo maana inavutika kidogo na kurudi, na fundo linakaa sawa. Ufundi huo wa kuikata mshazari na kuiunga kwa vipande vitatu ulisajiliwa New York katika miaka ya 1920 na fundi aliyeitwa Jesse Langsdorf, na mpaka leo dunia yote inaufuata. Ndani mna kitambaa kizito, cha sufu au cha mchanganyiko, kinachoipa tai mwili. Mgongoni unapita mshono mmoja mrefu uliolegezwa makusudi. Chukua tai nzuri, igeuze, funua kidogo karibu na ncha: utaona uzi umeachiwa kitanzi kidogo mwishoni, ili nguo ipate kuteleza juu yake inapovutwa.

Kitu kilichokatwa mshazari na kushonwa kwa kulegezwa hakivumilii kubanwa. Ukikikunja kwa nguvu na kukilaza chini ya rundo la mashati, kitambaa cha nje na cha ndani huhama kila kimoja upande wake, na tai hubaki imejipinda. Wengi hukimbilia pasi. Pasi ikigusa moja kwa moja, kingo za tai zilizokuwa na uvimbe wake mzuri hubapaa, na polista hupata mng'aro ambao hautoki tena. Kwa hiyo kazi ya kifungashio inaanzia hapo: kuishika tai bila kuibana.

Adui mkubwa wa tai Muhumba ni unyevu. Mtaa umelala kando ya Ziwa Kivu, mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari; mvua zinaanza Septemba na hazituachi mpaka Mei. Usiku ni baridi, mchana jua linachoma. Ukiifunga tai ndani ya plastiki siku ya mvua, umeifungia pamoja na maji yaliyo hewani. Usiku plastiki inapoa na maji yanatanda kwa ndani kama jasho. Asubuhi jua likipiga kioo cha duka yanageuka mvuke, yanaingia kwenye nguo. Hali hiyo ikirudiarudia, hariri inatoka madoa yenye kingo, na sufu ya ndani inaanza kuota koga. Tai iliyoingiwa na koga utaijua kwa pua mapema kuliko kwa jicho. Inua bitana ya ncha pana, weka pua, vuta. Harufu ya chumba kilichofungwa ikikujia, itoe tai hiyo, itundike kivulini penye upepo siku mbili tatu, na usiirudishe karibu na zenzake mpaka harufu iishe kabisa.

Jua ni la pili, na lina ujanja kwa sababu linaharibu polepole. Bulu ya bahari, nyekundu nzito na zambarau ndizo zinazopauka upesi. Kioo cha duka hakizuii yote yanayochubua rangi. Ukitaka kuona ilivyo, chukua tai iliyokaa dirishani muda mrefu ikiwa imezungushiwa mkanda wa karatasi wenye bei. Vua mkanda. Chini yake rangi bado ni ile ya kiwandani, na juu na chini yake ni rangi nyingine. Hapo muuzaji ana tai yenye mstari ambao hakuna aliyeufuma.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa nguo za harusi hawana budi kulishika. Wasimamizi sita hununua tai sita za rangi moja. Tai hizo zinapendeza kwa sababu zimetoka katika rangi ya mapishi mamoja kiwandani. Ukichukua moja ukaiweka dirishani kuwa mfano, baada ya wiki chache hailingani tena na zile tano zilizobaki kwenye boksi. Dukani, chini ya taa, tofauti haionekani. Kwenye picha za kando ya ziwa, saa kumi alasiri, inaonekana na kila mtu. Kwa hiyo tai ya dirishani iwe ni ya dirishani tu. Iandike kwenye kadi yake kwamba ni ya maonyesho, uiuze mwishoni kwa bei ya chini kwa mtu anayetaka moja peke yake, na usiihesabu kamwe ndani ya seti.

Halafu harufu. Hariri na sufu hunyonya harufu upesi, na maduka yetu mengi yako karibu na jiko la makaa au na mama anayekaanga samaki wadogo wa sambaza. Harufu hiyo nzuri ya chakula haipendezi kwenye tai ya mchungaji. Manukato nayo yasipuliziwe juu ya nguo. Yana spiriti na mafuta yanayoacha duara kwenye hariri. Kuhusu nondo na mende, wengine hutupa vidonge vya naftalini ndani ya boksi. Mimi siwashauri. Harufu yake haitoki, mvuke wake si mzuri kwa anayekaa dukani kutwa, na baadhi ya plastiki huyeyuka na kunata inapougusa. Usafi wa kabati, kukung'uta tai mara kwa mara, na kifuko cha kitambaa kilichoshonwa vizuri vinatosha.

Tuje kwenye plastiki, maana najua swali linalokuja: kama tai zenyewe zinatoka kiwandani ndani ya plastiki, ubaya uko wapi? Ni kweli. Sehemu kubwa ya tai za dunia hushonwa China, hasa katika mji wa Shengzhou, mkoa wa Zhejiang, na kila moja hutoka ndani ya mfuko mwembamba unaong'aa. Mfuko ule umekusudiwa safari, hausaidii kukaa miezi katika duka la ziwani. Tena plastiki hazifanani. Ile inayolia chakachaka ukiifinya, nyepesi na angavu, ni polipropilini. Haiidhuru nguo ikiwa ina pa kupumulia. Ile laini, nzito, yenye harufu kali ukiifungua, kwa kawaida ni PVC. Hiyo isiiguse tai kabisa: dawa inayoifanya iwe laini hutoka taratibu, plastiki inageuka njano na kunata, na unato huo unahamia kwenye tai. Vifuniko vingi vya kung'aa wanavyotumia wanaojalidi kazi za wanafunzi karibu na vyuo ni vya PVC. Usivigeuze mifuko.

Ukiwa na mifuko ya kiwandani, itumie hivi. Kata ile sehemu yenye gundi kwenye mdomo wa mfuko uitupe. Gundi hiyo hushika hariri wakati wa kutoa na kurudisha, na ikishika inang'oa nyuzi. Toboa matundu mawili chini, kila pembe moja. Usifunge mdomo, ukunje tu kwa nyuma. Na stepla iwekwe mbali na meza ya tai, pamoja na sindano na lastiki. Chuma kinapata kutu hewani mwetu kabla mwezi haujaisha, na lastiki inaacha kiuno kwenye nguo.

Zaidi ya hayo kuna sheria. Amri ya serikali ya Kongo namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Sokoni bado zinapatikana, lakini anayejenga biashara yake juu ya kitu kilichokatazwa anajenga pabaya. Ng'ambo ya mto Ruzizi ni wakali zaidi: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza plastiki zote za kutumia mara moja. Mzigo wako ukipitia Kigali na Kamembe, usishangae kuvuliwa sashe zake mpakani na kupewa tai tupu. Mwenye kadi na vifuko vya kitambaa hapati shida hiyo.

Na kuna jambo la kwetu sote. Sashe tunazotupa mitaroni Ibanda, Kadutu na Bagira husombwa na mvua mpaka ziwani, ziwa likazisukuma hadi mlango wa Ruzizi, zikaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I lililojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Mafundi wanazitoa kwa majembe na mashua, na sisi tunakaa gizani. Muuzaji anayelalamika kwamba umeme umekatika wakati anataka kuwasha taa za kabati lake, atazame pia kile anachompa mteja kubebea.

Basi, kadi. Nenda kwa mpiga chapa au kwenye nyumba ya fotokopi, ununue karatasi ngumu nyeupe ya A3, ile nzito inayotumika kwa majalada. Ina urefu wa sentimita 42 na upana wa 29.7. Ikate kwa urefu upate vipande viwili vya upana wa sentimita 11. Ukanda unaobaki usiutupe, utatoa mikanda ya kushikia. Sentimita 4 chini ya ukingo wa juu wa kila kadi, kata upenyo wa kulala, mrefu sentimita 9 na nusu, mpana sentimita 2. Ukingo wa chini wa upenyo huo ndio utakaobeba tai, na karatasi iliyokatwa ina meno. Uzungushie kipande cha amerikani, yaani kitambaa cha pamba, au karatasi laini nyeupe iliyokunjwa mara kadhaa, unene wa kidole chembamba. Hapo mkunjo wa tai utakuwa wa mviringo, hautavunjika. Juu kabisa toboa tundu la kutundikia.

Kisha kunja tai katikati, ncha pana juu ya mkia, kingo zikilingana. Ipitishe kwenye upenyo kwa kuanzia pale ulipokunja, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka nusu moja imelala mbele na nusu nyingine nyuma. Mbele zitaning'inia sentimita kama 37, ncha pana ikionekana yote. Zungusha mkanda wa karatasi theluthi ya chini, uugundishe nyuma, karatasi kwa karatasi, gundi isikaribie nguo. Mkanda ulegee kiasi cha kidole kupita. Bei, jina la kitambaa na alama ya duka viandikwe kwenye kadi, juu ya upenyo, kwa kalamu ya wino usioenea. Karatasi yenye gundi ya bei isibandikwe kwenye tai hata kwa saa moja.

Gazeti lisitumike kufungia wala kujazia. Wino wake unahamia kwenye rangi hafifu. Katoni za kahawia zilizobeba sabuni, sigara au samaki nazo ziachwe. Zina harufu, na karatasi ya kahawia hugeuza nguo nyeupe kuwa njano ikikaa nayo muda mrefu. Kama huna lingine, tandika karatasi nyeupe katikati.

Kadi peke yake inatosha kwa maonyesho. Kwa kuhifadhi na kwa kumkabidhi mteja, shona kifuko cha amerikani. Mita moja ya amerikani yenye upana wa sentimita 90 inatoa vifuko vitano: kata vipande vya urefu wa mita moja na upana wa sentimita 17, kunja katikati, shona pande mbili, acha mdomo wenye uzi wa kuvuta. Kadi na tai yake vinaingia vizuri. Amerikani ioshwe na ikaushwe kabisa kabla ya kukatwa, itoke wanga. Kitambaa hiki kinapitisha hewa, kinazuia vumbi na mwanga, na mteja anaendelea kukitumia nyumbani miaka. Hakuna sashe inayoweza hayo. Ukimpa fundi aliye jirani kazi ya kushona vifuko ishirini kwa mkupuo, bei inashuka, naye anapata kazi siku ambazo hana harusi.

Tai za kitenge ni habari nyingine kidogo. Mafundi wetu wanazishona vizuri siku hizi, na wageni wa Muhumba wanazipenda. Lakini kitenge kipya hutoa rangi kikipata unyevu. Kitambaa kioshwe kabla ya kukatwa mpaka maji yawe meupe, na tai za kitenge zisichanganywe na za hariri nyeupe au kahawia hafifu ndani ya boksi moja. Kifuko chake pia kiwe cha amerikani, wala si cha mabaki ya kitenge chenyewe, ingawa najua kinapendeza.

Tai za zipu, zile zenye fundo lililokwisha kufungwa, zinahitaji ulinzi tofauti kabisa. Thamani yake yote imo katika fundo. Likipondwa, hakuna wa kulifunga upya. Hizi zisikunjwe juu ya kadi. Zitie kwenye boksi la urefu unaozitosha au kunja mkia mara moja tu, na kina cha boksi kisipungue sentimita 5. Nyuma ya fundo weka tonge la karatasi laini nyeupe libebe umbo lake, na meno ya zipu yafunikwe kwa kipande cha karatasi yasikwaruze uso wa nguo. Tai ya kipepeo, ile anayoonekana nayo Patrice Lumumba katika picha nyingi, nayo inataka boksi lake dogo lenye kina. Za kufuma kwa sindano kubwa zisitundikwe kabisa, zinarefuka. Zivingirishe taratibu kuanzia mkia, uziache zimelegea ndani ya boksi la mraba.

Sasa mkono wa mteja. Mtu wa Bukavu haamini kitambaa asichokigusa, na ana haki. Atakuja, atasema, "Papa, ile karavati ya bulu, niguse kidogo?" Ukimkatalia umempoteza, ukimruhusu ashike kila moja, jioni zote zina mafuta ya vidole. Weka tai moja ya kila aina ya kitambaa ikiwa wazi, kwenye ubao wa kaunta, iwe ya kushikwa. Hariri moja, polista moja, ya kufuma moja. Ashike, aifunge shingoni mbele ya kioo, aivute. Akisharidhika, mpe ile iliyo kwenye kadi, ambayo hakuna aliyeigusa. Nimeona wateja wakinyamaza kidogo wanapoona tofauti hiyo, kisha wakalipa bila kubishana. Heshima ya kupewa kitu kipya kweli ina bei yake.

Mwanga wa kuonyeshea uwe wa kutosha lakini jua lisipige moja kwa moja. Kabati la kioo likae ukutani, mbali na mlango, na kwenye dirisha ziwekwe zile za maonyesho tu, zikigeuzwa kila wiki: upande wa mbele uende nyuma. Vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vikusanywe, viwekwe chini ya kabati, na vikaushwe juani siku kavu. Havifanyi muujiza, ila vinasaidia. Kwa wanaouza kwa WhatsApp, piga picha ya tai ikiwa kwenye kadi, karibu na dirisha, mchana wenye mawingu. Taa ya njano ya chumbani inaigeuza bulu kuwa nyeusi, na mteja akipokea anadhani umembadilishia.

Wachuuzi wa barabarani wana taabu kubwa kuliko wote, kwa sababu duka lao ni mkono. Tai thelathini zikitundikwa kwenye kiganja zinasuguana, zinapata jasho na moshi wa pikipiki, na mvua ya ghafla inazimaliza. Kijana, beba chache. Pata ubao mwepesi wa plaiwudi, ugonge misumari midogo ya kutundikia kadi, na juu yake ushone pazia la turubai jepesi linaloshuka mbele kwa mkono mmoja mvua ikianza. Tai kumi safi zinauzika kuliko thelathini zilizochoka, na mtu wa ofisini anayepita Muhumba saa sita akienda kula atasimama kutazama ubao uliopangwa. Rundo la mkononi hulikwepa.

Gharama ndiyo inayowatia watu woga, kwa hiyo niseme wazi. Karatasi moja ya A3 inatoa kadi mbili, mita moja ya amerikani vifuko vitano. Ukiona kadi na kifuko vinazidi sehemu ya kumi ya bei ya tai, basi mpe mteja kadi tu, na kifuko kibaki cha kuhifadhia dukani. Tai ya bei ndogo haihitaji boksi lenye dirisha na utepe. Inahitaji isipauke, isinuke, isijipinde. Maboksi ya fahari waachiwe wanaouza hariri ya Como, Italia, kwa watu wenye uwezo wa kuilipia, nao pia waangalie kwamba ndani ya boksi hilo zuri hakuna PVC.

Duka lenye tai hamsini linahitaji karatasi ishirini na tano za A3, mita kumi za amerikani, na jioni mbili za watu wawili walionawa mikono. Fanyeni kazi hii wakati mkavu wa Julai au Agosti, kisha mziache tai zipumue usiku mmoja kabla ya kuzifunga. Mvua ya Septemba iwakute mmekwisha kumaliza.